Bomu Lililomrudisha Baba Nyumbani

Katika mtaa wa Juba Na Bari, mjini Juba, mtu akitaka kusikia mabishano ya haja hana budi aketi kwa mama muuza chai wakati jua linapoanza kupunguza ukali wake. Viti ni vya plastiki, birika liko juu ya jiko la makaa, na lugha huchanganyika: Kiarabu cha Juba, Kibari, Kiswahili cha Waganda na Wakenya waliokuja kutafuta riziki, na kile cha Wakongo ambacho kina ladha yake peke yake. Tangu Sudani Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimezidi kupata kiti katika baraza kama hilo, na mgeni kama mimi hakosi wa kuzungumza naye.

Ilikuwa jioni moja ya mwezi wa Agosti. Redio ilikuwa imetaja kumbukumbu ya Hiroshima, na kijana mmoja askari polisi, aliyekuwa amemaliza zamu yake, akasema kwamba kuangamiza mji mzima kwa bomu moja ni jinai, wala hakuna jina jingine la kulipa jambo hilo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu alipoketi akaweka gilasi yake chini.

"Mwanangu," alisema, "baba yangu alikuwa askari wa Keya. Alipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Bomu lile ndilo lililomrudisha nyumbani, na mimi nikazaliwa mwaka 1947. Sasa niambie, nililaani?"

Pakawa kimya. Ndugu msomaji, hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa papara. Wanazuoni wa Marekani na Japani wamebishana juu ya mabomu ya mwaka 1945 kwa zaidi ya miaka themanini, na vitabu walivyoandika vyaweza kujaza maktaba. Lakini ni nadra kuona katika vitabu hivyo mtu akisema kwamba ubishi huo unatuhusu sisi pia. Unatuhusu, tena kwa njia mbili: kwa askari tuliowatoa, na kwa madini tuliyoyatoa.

Nianze na askari, kwa kuwa mzee yule alianza nao.

Kikosi kilichoitwa King's African Rifles, ambacho watu wetu walikiita Keya, kiliundwa rasmi mwaka 1902, na mzizi wake mmoja uko jirani kabisa na Juba. Emin Pasha alipokuwa gavana wa Ikweta, makao yake yalikuwa Lado, kaskazini kidogo ya mahali ulipo mji wa Juba leo. Serikali yake iliposambaratika, masalia ya askari wake walibaki karibu na Ziwa Albert, na mwaka 1891 Lugard akawachukua na kuwaingiza katika jeshi lake la Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera, ambao Kinubi chao Mjuba hukifahamu bila ya mkalimani. Kwa hiyo mzee anapoitaja Keya akiwa Juba Na Bari, hataji jambo la kigeni.

Katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki waliingizwa jeshini, wengine kwa hiari na wengine kwa hiari ya chifu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma, ikiwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika mvua za mwaka 1944 waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, bonde ambalo lilijulikana kwa malaria kuliko kwa jambo jingine lolote. Magari yalizama katika tope, chakula kikawa kinaangushwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin, na hapo mafundi wa jeshi wakajenga daraja la Bailey lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Wengine hawakuifikia hata hiyo Burma. Tarehe 12 Februari, 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama katika muda wa dakika chache tu. Waliokufa walikuwa zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wake zao waliobaki vijijini hawakuwa na kaburi la kulia juu yake.

Basi ilipofika Agosti 1945, Divisheni ya 11 ilikuwa India, imetolewa vitani kupumzika na kufanya mazoezi. Waingereza walikuwa wakiandaa kuteremsha majeshi Malaya mwezi wa Septemba, na Wamarekani walikuwa wamepanga kukishambulia kisiwa cha Kyushu, katika Japani yenyewe, tarehe 1 Novemba. Walikuwa wametoka kuona mambo ya Okinawa, ambako katika miezi mitatu walikufa Wamarekani zaidi ya 12,000, pamoja na askari wa Kijapani wapatao laki moja na raia makumi ya maelfu. Askari aliyekuwa kambini India hakuhitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Aliposikia kwamba Japani imesalimu amri, alichofikiria ni meli ya kurudi Mombasa. Nani atamlaumu kwa kufurahi? Mimi simlaumu, wala simlaumu mwanawe.

Lakini furaha ya aliyeokoka ni jambo moja, na kama kweli bomu ndilo lililomwokoa ni jambo jingine.

Hapo ndipo alipoingia Mkongo mmoja mfanyabiashara, ambaye muda wote alikuwa akimenya karanga. "Mzee," alisema, "na udongo wa bomu lile ulitoka kwetu."

Alisema kweli. Katika Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, kuna mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915 iligunduliwa huko urani ambayo haikuwa na mfano: mawe mengine yalikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya oksidi ya urani, ilhali machimbo mengi ya duniani huhesabu sehemu ndogo ya asilimia moja kuwa ni mali. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ndiyo iliyomiliki mgodi huo. Mkuu wake, Edgar Sengier, alipoona vita vinakuja, mwaka 1940 alipeleka kiasi cha tani 1,200 za madini hayo New York, yakawekwa katika ghala kwenye kisiwa cha Staten. Yalikaa humo hadi Septemba 1942, alipokuja afisa wa jeshi la Marekani, Kanali Kenneth Nichols, kuulizia. Biashara ilimalizika kwa mazungumzo mafupi sana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka katika mgodi huo wa Waafrika, waliochimba bila ya kuambiwa wanachimba nini.

Madini hayo hayakupita Juba. Yalikwenda pwani ya magharibi kwa reli na kupakiwa melini. Waliopita Juba ni watu. Mwaka 1941 askari wa Kongo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, walisafiri hadi hapo kwa barabara, wakashuka na mto Nile, wakaenda Uhabeshi kupigana na Waitalia, na tarehe 3 Julai mwaka huo majenerali wa Kiitalia wakasalimu amri mbele yao huko Saio. Kongo, basi, ilitoa askari kwa mkono mmoja na bomu kwa mkono wa pili, na kwa yote mawili haikuulizwa.

Sasa tuzitazame zile siku zenyewe, maana katika ubishi huu siku ndizo zinazosema.

Tarehe 26 Julai, 1945, Marekani, Uingereza na China ziliitaka Japani isalimu amri bila ya masharti. Katika rasimu ya tamko hilo palikuwa na maneno yaliyoruhusu Wajapani wabaki na ufalme wao chini ya katiba. Maneno hayo yakafutwa kabla ya tamko kutolewa. Wakati huohuo Waziri wa Mambo ya Nje wa Japani alikuwa akimwandikia balozi wake wa Moscow awaombe Warusi wapatanishe. Simu hizo za siri Wamarekani walikuwa wakizinasa na kuzisoma. Walijua kwamba Tokyo inatafuta mlango wa kutokea; walijua vilevile kwamba wakuu wa jeshi la Japani bado walitaka kupigana pambano moja kubwa la mwisho, ili wapate masharti mazuri zaidi.

Amri ya kutumia mabomu ilikuwa imekwisha kuandikwa tarehe 25 Julai. Wasomaji wetu walio jeshini watapendezwa kujua, au pengine watasikitika kujua, kwamba ilikuwa amri fupi tu: bomu la kwanza liangushwe mara hali ya hewa itakaporuhusu baada ya siku kama ya tarehe 3 Agosti, na mengine yaangushwe kadiri yatakavyokuwa tayari. Mengine! Hapakutakiwa uamuzi mpya kwa bomu la pili.

Tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi, Hiroshima ikapigwa. Bomu lilikuwa na urani kiasi cha kilo 64, na katika hizo iliyogeuka kuwa nguvu na moto haikufika hata kilo moja. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani 15,000 za baruti ya TNT. Tarehe 8 Urusi ya Kisovieti ikatangaza vita dhidi ya Japani, na alfajiri ya pili majeshi yake yakaingia Manchuria. Asubuhi hiyo ya tarehe 9, Baraza Kuu la Vita la Japani, lenye watu sita, likakutana. Wakiwa bado kikaoni, ikaja habari ya Nagasaki. Hata hivyo baraza likagawanyika watatu kwa watatu: watatu wakitaka amani kwa sharti moja tu, kwamba ufalme ubaki, watatu wakitaka masharti mengine zaidi. Usiku ule Mfalme Hirohito akaamua mwenyewe. Tarehe 10 Japani ikajibu kwamba inakubali, ila ufalme usiguswe. Marekani ikajibu kwa maneno ya kuzunguka ambayo hayakuukubali ufalme waziwazi wala hayakuukataa. Usiku wa tarehe 14 maofisa vijana walijaribu kuasi ili kuzuia amani, wakashindwa, na tarehe 15 Mfalme akasikika redioni.

Ufalme haukuguswa. Hirohito alibaki katika kiti chake hadi alipofariki tarehe 7 Januari, 1989.

Hilo ndilo linalonikaa rohoni kuliko hesabu zote za majenerali. Kile walichokataa kukitamka mwezi wa Julai, walikitoa mwezi wa Agosti, na kati ya miezi hiyo miwili miji miwili ilikuwa imeteketea. Wanaolitetea bomu husema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba lau kama neno hilo lingetamkwa Julai, majenerali wa Tokyo wangelichukua kuwa ni udhaifu na kuzidi kukaza. Kwamba Mfalme alihitaji mshindo mkubwa ili apate ujasiri wa kuwapinga majenerali wake. Na kwamba kila siku ya kungoja watu walikuwa wakifa katika China na katika kambi za mateka. Yote hayo yana uzito. Wanaolipinga husema mshindo ulikuwapo tayari: Urusi kuingia vitani kulikata tumaini lao la mwisho la kupata mpatanishi.

Na msidhani waliolipinga walikuwa wapenda amani wa kukaa majumbani. Mwezi wa Juni 1945 kamati ya wanasayansi waliokuwa wakilitengeneza bomu, ikiongozwa na James Franck, ilishauri lionyeshwe kwanza mahali pasipo watu. Mwezi uliofuata Leo Szilard akapeleka ombi lenye saini 70 za wenzake. Admirali Leahy, mkuu wa wafanyakazi wa Rais Truman, aliandika baada ya vita kwamba silaha hiyo ya kishenzi haikuwa na msaada wa maana katika kuishinda Japani. Tume ya jeshi la Marekani iliyochunguza matokeo ya mabomu ilisema mwaka 1946 kwamba Japani ingesalimu amri kabla ya mwisho wa 1945, hata bila ya bomu la atomiki na bila ya Urusi. Waziri wa Vita wa zamani, Henry Stimson, akajibu mwaka 1947 kwa makala yake mashuhuri, akitaja hasara ya zaidi ya watu milioni moja ambayo bomu liliwaepusha Wamarekani. Hesabu hiyo imeshika katika vichwa vya watu, ingawa baadhi ya makadirio ya wapangaji wa kijeshi ya Juni 1945 yalikuwa chini ya hapo sana.

Kwa upande wangu, juu ya Hiroshima naweza kuketi na mtu tukabishana hadi makaa yazimike. Juu ya Nagasaki siwezi. Siku tatu hazikuwatosha Wajapani hata kupata taarifa kamili ya wataalamu wao juu ya kilichotokea Hiroshima. Bomu la pili lilikuwa liangushwe tarehe 11, likawahishwa kwa sababu ya hali ya hewa, na mji uliokusudiwa ulikuwa Kokura. Rubani alikuta Kokura imefunikwa na wingu na moshi, akazunguka, akaenda Nagasaki. Tarehe 10 Truman akaagiza pasiangushwe jingine bila ya amri yake mwenyewe. Agizo hilo lingekuja siku moja mapema!

Kufikia mwisho wa mwaka 1945 walikuwa wamekufa kiasi cha watu 140,000 katika Hiroshima na kiasi cha 70,000 katika Nagasaki. Miongoni mwao walikuwamo Wakorea wengi walioletwa kufanya kazi, watu wa koloni kama sisi. Walikuwamo pia maelfu ya wanafunzi wa shule waliokuwa wametolewa asubuhi ile kubomoa nyumba ili kufanya njia za kuzuia moto. Mama zao walikuwa wamewafungia chakula cha mchana. Na wapo walionusurika bila ya hata mkwaruzo, wakarudi kwao, na baada ya wiki mbili tatu nywele zikaanza kutoka, ufizi ukatoa damu, wakafa. Mionzi haionekani wala hainuki. Mtoto Sadako Sasaki alikuwa na umri wa miaka miwili siku ile. Alikua, akakimbia mbio shuleni, na mwaka 1955, akiwa na miaka 12, akafa kwa saratani ya damu. Walionusurika waliunda chama chao mwaka 1956, Nihon Hidankyo, nacho kikapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2024.

Afrika nayo ilionjeshwa. Tarehe 13 Februari, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza huko Reggane, katika Sahara ya Algeria, lenye nguvu zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima. Ghana ya Nkrumah ikazizuia mali za Wafaransa kwa hasira. Baadaye Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza mabomu sita kwa siri, ikayavunja, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu. Mkataba wa kuifanya Afrika kuwa bara lisilo na silaha hizo ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili, 1996, ukaanza kutumika tarehe 15 Julai, 2009. Unaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la mahali huko Afrika Kusini palipokuwa na kituo cha utafiti wa atomiki.

Mambo hayo niliyasimulia kwa kifupi pale kwa mama chai, si kwa mpango huu. Yule askari polisi alifurahi, akadhani ameshinda. Mzee hakufurahi.

"Unasema kwa vitabu," aliniambia. "Vita haviishi kwa maneno. Vinaisha mmoja anapoogopa."

Mama chai, ambaye tulidhani hasikilizi, aligeuka na birika mkononi. Alilelewa Yei, alisema, katika miaka ya tisini, wakati Antonov za serikali ya Khartoum zilipokuwa zikija kuangusha mabomu. Watoto walifundishwa kuitambua sauti yake kabla haijaonekana, na kila nyumba ilikuwa na handaki lake. "Tulikuwa tunaogopa, Mzee. Tuliogopa kila siku. Lakini sikumsikia mama yangu hata mara moja akitoka handakini na kusema, sasa vita vinakwisha. Aliyetoka handakini alikuwa anawatafuta vijana wa kujiunga na msitu."

Mzee alimtazama kwa muda. Alikuwa mtu mzima wakati vita vya kwanza vya Kusini, vilivyoanza mwaka 1955, vilipomalizwa Addis Ababa tarehe 27 Februari, 1972. Aliviona vya pili, vilivyoanza 1983, vikimalizwa kwa saini Nairobi tarehe 9 Januari, 2005. Aliziona risasi za Desemba 2013 na za Julai 2016 ndani ya mji huu huu wa Juba, na mapatano ya tarehe 12 Septemba, 2018, ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Hayo yote hakuna haja ya mimi kumsimulia. Yeye ndiye angeweza kunisimulia mimi.

"Antonov ni neno jingine," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ile haikuwa na bomu kubwa."

"Kwa aliyekuwa chini yake, Mzee, lilikuwa kubwa," mama chai akajibu, akamjazia gilasi.

Jua lilikuwa limekwisha kutua. Mkongo alikung'uta maganda ya karanga, akaaga; alikuwa na safari alfajiri. Mzee alitoa noti, akalipia chai yake na ya yule askari polisi, jambo lililomshangaza kijana hata akasimama kumshukuru. Alipokuwa ameinuka na kushika fimbo yake, akanigeukia.

"Baba alirudi mwaka 1946," alisema. "Alikuja na blanketi mbili na saa ya mkononi. Bomu la kwanza nitalitetea mpaka nife, maana yeye alilitetea. La Nagasaki hakulitaja kamwe. Na mimi sikulitaja leo, kama ulivyosikia."

Akaenda zake, akiikwepa mifereji ya maji ya mvua iliyokuwa bado haijakauka.